Naomba ushauri: podi ya idli imetoka chungu na inagandana

Wakuu habarini, nilikaa Chennai, India, miezi minne namuuguza mama, mama mwenye nyumba wetu akawa anatuletea idli (vikeki laini vya mchele vya kupikwa kwa mvuke) na ile podi yao, unga wa dengu na pilipili kavu, unaweka kijiko kwenye sahani unachimba kishimo katikati unamimina mafuta ya ufuta unakoroga na kidole ndo unachovya, mama alikuwa hali kitu jamani lakini hiyo alikula.

Sasa tumerudi Dar nataka nimtengenezee mwenyewe. Nimekaanga dengu za kupaaza, urad nyeupe (choroko nyeusi zilizomenywa ganda), pilipili, ufuta, mvuje na chumvi, vyote sufuria moja bila mafuta, nikasaga kwenye blenda vikiwa bado vya moto. Imetoka chungu, na siku ya tano imeshika mabonge kwenye chupa. Nahisi ufuta uliungua maana unaiva haraka kuliko dengu, au kosa ni kusaga kabla haijapoa? Na mvuje unaingia mwanzo au mwisho? Aliyewahi kupika anisaidie, hasa pilipili ngapi kwa kikombe kimoja cha dengu, mama ukali mwingi hauwezi kwa sasa.