Naomba ushauri: masta ya habari za kimataifa, mimi ni mtangazaji wa redio huku mpakani

binti_wa_kibirizi

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu maana hapa nilipo sina wa kumuuliza, wenzangu kazini karibu wote wameishia diploma. Natangaza redio Kigoma, digrii yangu ni ya mawasiliano ya umma, GPA 3.6, na sasa nataka kusoma masta ya vyombo vya habari vya kimataifa na mawasiliano yanayovuka mipaka.

Sababu ni hii. Kipindi changu cha asubuhi kinasikika Burundi na ng'ambo ya ziwa upande wa Congo. Ikifika saa moja simu ya studio imeshajaa sauti za WhatsApp, huyu yuko Uvira anauliza migebuka leo inauzwaje mwaloni, huyu yuko Bujumbura anataka kujua faranga inabadilishwa kwa shilingi ngapi, mwingine yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anamtafuta mdogo wake. Wengine wanatuma kwa Kirundi, sisi tunawajibu kwa Kiha na wanatuelewa vizuri tu. Nikifungua makala za watu waliosomea mambo haya nakuta CNN, Al Jazeera na Netflix, za redio kama yetu nazipata kwa kutafuta sana.

Nimeangalia chuo cha LSE cha London, ile masta yao ya miaka miwili, mwaka mmoja London mwaka mmoja Cape Town. Nimeangalia pia za mwaka mmoja London, Erasmus Mundus (masta ya pamoja ya vyuo vya Ulaya) ya uandishi wa habari inayoanzia Aarhus kule Denmark, na hapa nyumbani UDSM. Nina mume na mtoto wa chekechea. Hela sina, bila skolashipu siendi popote. Nichague ipi, na mwisho wa siku hii masta ina kazi au naenda kukaa darasani tu?

kijana_wa_mpanda

Nafuatilia, na mimi nipo njia hiyohiyo.

Nipo_Lewisham

Dada hongera kwa kazi. Mimi nimemaliza kozi ya aina hiyo London, chuo sikitaji. Nikwambie jambo ambalo vipeperushi vyao havisemi wazi, darasani kwetu maiki hatukuishika hata siku moja, ni kusoma na kuandika mwanzo mwisho. Muhula wa kwanza ulianzia kwenye ule ugomvi wa miaka ya 70, nchi zetu zinalalamika kwamba habari za dunia nzima zinapita kwenye mashirika machache ya Magharibi, hadi mtu wa Dar anasoma habari ya Lusaka iliyoandikwa London. UNESCO ikaunda tume chini ya Sean MacBride, ripoti ikatoka 1980, Marekani ikajitoa UNESCO mwisho wa 1984 na Uingereza ikafuata 1985. Ukitoka hapo unaingia kwa Herbert Schiller, yule aliyesema Marekani inatawala tamaduni za watu kupitia televisheni na matangazo ya biashara, halafu wiki inayofuata unasoma wanaompinga, wanaosema mbona Wahindi, Wanigeria na Waturuki nao wanauza filamu dunia nzima. Hapo ndo nilielewa zile tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili ambazo mama zetu hawazikosi jioni, kwamba kuna soko, kuna haki za kurusha, kuna siasa ya nchi nyuma yake.

Kwa hiyo kama unataka kujifunza kuhariri video au kuendesha kurasa za mitandao, hela na muda wako utakuwa umepotea. Kama una swali linalokusumbua, nenda. Na wewe swali unalo tayari, tena zuri, wengi darasani kwetu walikuja na jina la chuo tu wakahangaika na tasnifu mpaka dakika ya mwisho.

Kuhusu LSE ya miaka miwili, kwa Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, isahau. Chevening wanalipia masta ya kufundishwa ya miezi 9 hadi 12. Ile fomu ina nafasi tatu za kozi, usiipoteze moja hapo. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kujitolea kunahesabiwa, kwa hiyo kama ulianza redio bila mshahara hesabu na huo muda. Dirisha hufunguliwa Agosti, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, ambayo kwa mada yako sioni kama ni tatizo.

Halafu usichague kozi kwa jina, majina yote yanafanana. Fungua ukurasa wa walimu wa idara, tafuta ni nani ameandika kuhusu redio Afrika, wakimbizi, au lugha mpakani. Mwandikie barua pepe fupi, aya mbili, mweleze hizo sauti za asubuhi kama ulivyotueleza sisi. Akikujibu kwa hamu, chuo chako ndo hicho hata kama jina lake si kubwa.

mama_wawili

Mdogo wangu kabla hujafika mbali, kaa na shemeji mzungumze. Tangu Januari 2024 anayekwenda Uingereza kusoma masta ya darasani haruhusiwi kuja na mume wala mtoto kama tegemezi, isipokuwa anayelipiwa na serikali, kama wa Chevening. Ila hata hao Chevening gharama za familia hawalipi. Ukiwaacha nyumbani, mwaka mzima utamwona mwanao kwenye simu. Mimi niliwaacha wangu kwa bibi yao, kielimu sikujuta lakini sitamwambia mtu yeyote kwamba ni jambo jepesi. Mtoto wa chekechea anabadilika haraka sana. Mkiamua uende, amueni nyote wawili na bibi au shangazi awe ameshakubali kwa kinywa chake, usiondoke na ahadi ya "tutaona".

Kipimo cha kifua kikuu cha viza kinafanyika IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) Dar, kwa hiyo weka na nauli ya kutoka Kigoma.

sokoine_drive

Naomba nipingane kidogo na ndugu wa Lewisham, kwa heshima. Mada iko Kigoma, wasikilizaji wako Kigoma, Uvira na Makamba, kwa nini aende kukaa kwenye baridi kuandika habari za ziwa lake? UDSM wana masta pale shule yao ya uandishi wa habari, Nairobi kuna Aga Khan wana shule ya uzamili ya habari na mawasiliano. Mwalimu wa Nairobi ukimtajia Nyarugusu humwelezi iko wapi. Unaweza kurudi nyumbani likizo, unaweza hata kuendelea na kipindi kwa kurekodi.

Ninachokubali ni kwamba maktaba ya kule ni nyingine na mtandao wa watu ni mwingine. Ila hili la kusema ukisoma Ulaya kazi ipo, hapana. Redio za kimataifa zenyewe zinapungua. BBC World Service walitangaza kupunguza nafasi 382 mwaka 2022, na Machi 2025 kule VOA, Sauti ya Amerika, karibu wafanyakazi wote waliambiwa wakae nyumbani, pamoja na idhaa ya Kiswahili iliyoanza 1962. Asipange maisha kwa kutegemea kuajiriwa huko. Kazi zilizopo kwa masta hii ni mashirika ya wakimbizi, miradi ya kufundisha redio jamii, na ualimu wa chuo. Na kama ni ualimu, cheti cha nje kipeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe mapema.

Nipo_Lewisham

Hapo kwenye ajira nakubaliana na wewe kabisa mkuu. Na kuhusu Nairobi sina neno baya.

mrundi_wa_kigali

Salama ndugu zangu. Mimi ni Mrundi. Huyu dada msimchukulie kama anatafuta karatasi tu, mimi nataka asome hii kitu. Mwaka 2015 mwezi wa tano, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio zetu kubwa za binafsi zilivamiwa na kuharibiwa, ndani ya siku mbili nchi ikanyamaza. Waandishi wakakimbia, wengi walifika hapa Kigali, wakaanzisha redio za Inzamba na Humura, habari zikawa zinapita kwenye intaneti na WhatsApp, mtu anapokea faili la sauti anasikiliza amejifungia chumbani halafu anafuta. Wale tuliokuwa karibu na mpaka tulikuwa tunatafuta stesheni za Tanzania kujua kama njia ya Mabanda iko salama. Mtangazaji wa Kigoma alikuwa hajui kama tunamsikiliza, lakini sisi tulikuwa tunatega sikio kwake. Hii haijaandikwa ya kutosha. Dada, ukianza utafiti tafuta na watu wa upande wetu, wapo wanaokumbuka kila kitu.

binti_wa_kibirizi

Nimesoma yote, nashukuru sana, ya kaka Mrundi yamenigusa mno. Nimezungumza na mume wangu usiku huu. Tumekubaliana Chevening na kozi tatu za mwaka mmoja, na Erasmus pia kwa sababu wanalipa ada na euro 1,400 kwa mwezi, na papo hapo naomba Nairobi ili nisikose vyote. LSE nimeifuta. Swali la mwisho, zile sauti za WhatsApp za wasikilizaji ninazo nyingi tu kwenye simu ya ofisi, naweza kuzitumia kwenye utafiti?

mtafiti_ndogo

Hapana dada, si zile za zamani, au angalau si bila kuwarudia wenyewe. Mtu alituma atafutiwe ndugu, hakutuma awekwe kwenye tasnifu, na mkimbizi sauti yake ikijulikana inaweza kumletea matatizo kwao. Chuo chochote makini kitakuuliza ridhaa umeipataje. Anza sasa hivi, ongea na meneja wako mkubaliane kwa maandishi, halafu zile mpya omba ruhusa kwa lugha ya mtumaji mwenyewe, Kirundi kwa Mrundi, na uhifadhi bila jina wala namba. Kuingia Nyarugusu kama mtafiti ni kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hata kama ukiwa mwandishi unaingiaga. Na ukitokea chuo cha nje kuna kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, usikiombe mwezi unaotaka kuanza kazi, omba mapema.

Sauti za watoto usiziguse kabisa. Ukifika kwenye fomu ya maadili ya utafiti rudi kwenye uzi huu, nitakuonyesha yangu nilivyoijaza.