"Bosi, hiyo ndiyo sauti ya Subaru": FUNDI ANASEMA HIVYO HUKU INJINI INAKUFA MBELE YAKE!

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado na oili. Jina sitaji, humu wote mnamjua. Yule wa kofia nyekundu, laptop imepasuka kioo, ambaye Subaru yoyote ikikohoa Dar nzima mnaambiana "mpelekee yule". Haya, mimi nimempelekea. Forester SG9, ile ya STI yenye injini ya turbo EJ255, gari iliyotuniwa na watu wanaojua kazi. Nimerudishiwa chuma chakavu.

Ilianza kwa mluzi. Busti, yaani upepo ambao turbo inausukuma ndani ya injini, haifiki, na ukiachia pedali ya mafuta unatoka moshi wa bluu. Turbo inavuta oili, hapo hakuna ubishi. Akavua hozi, akashika shafti kwa vidole, inacheza mpaka feni inakwangua ukuta. Akasema turbo imekufa. Sawa, lakini IMEKUFA KWA NINI? Kile kidude kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, kimeshikiliwa na utando wa oili tu. Shafti ikilegea, wa kwanza kuhojiwa ni oili. Na kwenye hizi injini kuna bolti ya njia ya oili ya turbo, ndani yake mna kichujio kidogo cha waya. Kikiziba turbo inakauka. Hakuifungua. Filta ya oili hakuikata aangalie ndani. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, hata hakuitazama. Akafunga turbo ya mtumba, VF41, kutoka Ilala, hela yangu, akajifuta mikono.

Tukawasha.

Wakuu, injini ilikuwa inagonga kama kijiji kizima kinatwanga kisamvu ndani ya sampo. Muuza maji alisimamisha mkokoteni. Mpiga rangi wa gereji ya tatu alivua maski asikie vizuri. Nikamwambia fundi hii imenoki, metali zimekwisha. Akachukua bisibisi, ncha kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho. Akafumbua. Mbele ya vijana wake wote akasema: "Bosi, umezoea Corolla. Hiyo ndiyo sauti ya Subaru."

SAUTI YA SUBARU!!!

Sauti ya Subaru naijua. Ule mngurumo unatoka kwenye eksozi, kwa sababu mabomba yanayokusanya moshi hayalingani urefu. Na ile taka-taka ya asubuhi ni pistoni inacheza kidogo ndani ya silinda ikiwa baridi. Injini ikipata moto inanyamaza yenyewe. Hii ilivyopata moto ndiyo ikazidi! Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, metali ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyokwisha inapiga kelele zaidi. Pandisha injini mpaka mizunguko 3000, achia ghafla: ta-ta-ta-ta-ta. Nikambembeleza achomoe soketi za injekta moja moja, kila silinda ikose mafuta kwa zamu yake. Kufika silinda namba 4, kelele ikashuka nusu. NUSU! Mtoto wa VETA mwezi wa kwanza angejua konrodi ni ipi. Yeye akarudishia soketi na kusema namba 4 za Subaru ndivyo zilivyo.

Umezoea Corolla. Mimi. Na bisibisi bado iko sikioni!

Nimeivuta kwa kamba hadi kwa mzee mmoja Temeke. Huyo hakusikiliza chochote. Akamwaga oili, akaipitisha kwenye kitambaa cheupe, akakiweka juani: kinameta chote. Akafungua ile bolti, kichujio kimeshiba unga ule ule. Yaani metali ilianza kusagika kitambo, unga ukaziba njia, turbo ya kwanza ikafa kwa kiu, na ya pili ikafungwa inywe uchafu huo huo. Krenki imekwanguka. Na yule bwana kanitumia ujumbe sasa hivi anadai hela ya ufundi! Ya kusikiliza au ya nini?

Kipanga_Tz: Pole mkuu. Busti uliweka ngapi? Maana nyie mkipewa farasi 265 za kiwandani mnataka 400, halafu petroli mnajaza ya uchochoroni. Injini hizo za Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100.

Mleta uzi: Busti inahusiana nini na bisibisi sikioni? Kaniambia SAUTI YA SUBARU. Soma uzi.

Mama Klachi: Mimi aliniambia "dada, hiyo ndiyo harufu ya Subaru". Ilikuwa klachi inaungua.

Chuma_Moto: 😂😂😂 Mama Klachi umeniua

Babu Spana: Kijana, kompresheni mlipima? EJ255 ikichoma mafuta kidogo mno wakati busti imepanda inapasua pistoni pale penye mifereji ya ringi, na namba 4 ndiyo mteja mkuu. Toa plagi zote nne, kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, piga stata. Silinda moja ikiwa chini, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda sukuma upepo ndani: ukitokea kwenye eksozi ni valvu, jagi la maji ya rejeta likitoa mapovu ni gasketi ya hedi.

Mleta uzi: Shikamoo babu. Zote nne ziko sawa. Ni metali. Yeye hata geji ya kompresheni hakuigusa, alikuwa na bisibisi TU.

Kipanga_Tz: Lakini mkuu, uliendesha na moshi wa bluu kwa muda gani kabla ya kumpelekea? 🤔

Chuma_Moto: Hajibu hiyo. Alizoea Corolla.

Mleta uzi: Niliizima siku ile ile, ikaja gereji kwa breakdown. Na wewe Chuma_Moto usirudie hilo neno humu.

Jirani wa Nairobi: Poleni wandugu wa Bongo. Huyo wenu ni afadhali. Mimi nilinunua turbo Kirinyaga Road, nikaambiwa imetoka Japani jana. Kufungua, feni imeshikwa na gundi. Ilipopata joto iliniaga.

Chuma_Moto: Bongo wanazipaka dizeli zing'ae, unadhani mpya.

Ilala Spea: Mimi nauza Ilala. Hatupaki dizeli, dizeli ni hela. Kabla ya kununua turbo shika shafti: ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida, ikisogea mbele na nyuma usilipe. Mnakuja na haraka halafu mnatutukana.

Mama Klachi: Na garantii yenu inaishia mlangoni.

Ilala Spea: Mlango upi? Hatuna mlango.

JZ_kwa_Maisha: Ndiyo maana mimi niko kwenye Toyota Chaser, injini 1JZ. Haya mambo nayasikia kwenye redio.

Babu Spana: 1JZ ipi? Ile ya zamani ya turbo mbili, zenye feni za seramiki? Ongeza busti uone feni inavyotoka kwenye eksozi vipande vipande.

JZ_kwa_Maisha: Yangu ni ile ya baadaye, VVT-i, turbo moja.

Kipanga_Tz: Wanaosema VVT-i wote gari iko juu ya matofali nyuma ya nyumba.

JZ_kwa_Maisha: Tukutane Bagamoyo Road, usilete mdomo.

Mleta uzi: Jamani tubaki kwenye mada. Kaniambia mbele ya vijana wake hiyo ni sauti ya Subaru!

Dogo wa IST: Samahani wakuu nje ya mada, Ilala Spea una site mira za IST?

Ilala Spea: Ya kulia ipo. Ya kushoto njoo kesho jioni.

Dogo wa IST: Kesho jioni unaitoa kwenye gari ya nani?