Tupeane uzoefu: mwanao alianza kuonyesha kwa kidole kabla ya kusema?

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi 14. Maneno anayo mawili tu, "mama" na "nyonyo", lakini mikono yake haitulii. Akitaka maji ananyoosha kidole kwenye ndoo, akichoka anainua mikono abebwe, uji ukiisha anafunua viganja: hamna. Bibi yake anasema nisimjibu mpaka aseme, eti atazoea ishara. Roho inaniuma kumnyamazia. Ninyi mlifanyaje?

Baba wa watatu, Tanga
Mjibu, dada. Tumelelewa tukijua kumnyooshea mtu kidole ni kukosa adabu, na ni kweli. Ila mtoto wa mwaka mmoja hamsuti mtu, anauliza. Wa kwangu wa kwanza kila kuku akipita alinyoosha kidole, nami nasema "kuku", "kuku anakula". Siku moja akanyoosha kidole bandani, kuku hawamo, akasema "kuku". Nilimwita mama yake jikoni aje asikie. Baadaye akawa anaonyesha ndala zangu huku akisema "baba". Kidole ndala, mdomo baba. Haukupita muda mrefu akasema yote mawili kwa mdomo.

Mwalimu wa chekechea, Dodoma
Hizo ndala zimenifurahisha sana. Watafiti wawili, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, waliwafuatilia watoto 10 huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Vitu vingi mtoto alivionyesha kwanza kwa mkono, neno lake likaja kama miezi 3 baadaye. Na waliowahi kuchanganya kidole na neno ndio waliowahi kuunganisha maneno mawili. Bibi aelezwe kwa upole tu.

Mama Kulwa, Morogoro
Pacha wangu walianza na shikamoo. Babu akiinama, Kulwa anamwekea kiganja kichwani, Doto anaiga. Neno lenyewe lilianza kama "koo". Babu alikuwa anaitikia marahaba kila mara, hata kabla ya hiyo "koo".

Mama wa mmoja, Kahama
Mimi naandika kwa uchungu. Mwanangu alifika mwaka na miezi miwili hanyooshi kidole, hapungi mkono, nikimwita hageuki. Kila niliyemuuliza, hata kliniki, aliniambia wavulana huchelewa. Nikangoja mpaka akatimiza miaka miwili. Kumbe masikio. Sasa anavaa vifaa vya kusikia, na kitu cha kwanza kubadilika hakikuwa neno, kilikuwa kidole: pikipiki ilipita nje, akageuka, akanyoosha. Nililia. Mtoto akitimiza mwaka bila ishara yoyote, mpelekeni akapimwe masikio. Msingoje maneno.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana, nimemsomea bibi yote. Ya shikamoo imemgusa, anataka kuanza leo hii. Dada wa Kahama, pole sana. Mtoto alivizoea vipi hivyo vifaa, hakuwa akivivua?