Wenye vibanda Arua, nani aliwatuma kutuharibia Se7en?

Ndugu zangu, nina hasira tangu Jumamosi na sitaificha.

Kibanda cha video sikitaji, tuliokuwemo tunajuana. Kiingilio shilingi 1,000, hiyo si hoja. Kilichonitoa nyumbani ni maneno ya ubaoni: Se7en, itafasiriwa kwa Kiswahili. Sisi wa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunaijua njaa hiyo. Filamu zilizofasiriwa zinatufikia kwa Kiluganda, na shangazi yangu aliyekulia upande wa Kongo hucheka akiona wenzake wanacheka. Safari hii nikamwambia, shangazi, hii ni yako. Tukawahi benchi la mbele.

Filamu hii ya David Fincher ya mwaka 1995, ya wapelelezi wawili wanaomsaka muuaji, nguvu yake iko katika kuficha. Mauaji huyaoni yakitendeka. Unaingizwa chumbani yakishaisha, giza, tochi, nje mvua, mengine unayajaza mwenyewe na ndiyo yanayokunyima usingizi. Mji hauna hata jina. Sura ya muuaji huioni mpaka filamu imekwenda sana, na jina la mwigizaji wake waliliondoa makusudi kwenye majina ya mwanzoni usije ukakaa unamsubiri. Watu walihangaika kukuwekea siri hiyo! Mfasiri wetu hata dakika kumi hazijapita akatueleza muuaji anafananaje na atapatikanaje. Sirudii hapa, kuna ambao hawajaiona.

Halafu kile kipande cha maktaba usiku. Morgan Freeman, mpelelezi mzee Somerset anayekaribia kustaafu, yuko peke yake na vitabu vya Dante, walinzi wanacheza karata, muziki wa Bach unapita taratibu. Pale hakuna cha kufasiri. Lakini mfasiri wetu kimya kinamwasha! Akatangaza bei ya kuchaji simu, akamsalimia bodaboda aliyeingia kwa kuchelewa. Maikrofoni hiyohiyo, spika hizohizo.

Na msiniambie ndio utamaduni wetu. Naupenda kuliko nyinyi. Kwenye filamu za Isaac Nabwana za kule Wakaliga, Kampala, maneno ya VJ, yaani huyo msemaji wa juu ya filamu, ndio mchuzi, ukiyaondoa unabaki na posho kavu. Zimepikwa hivyo tangu jikoni. Hii haikupikwa hivyo.

Rimoti ndiyo iliyoniua kabisa. Filamu ina dakika 127, mechi ilikuwa saa kumi na moja, basi mwenye kibanda akawa anapeleka mbele. Alikata nini? Kile chakula cha jioni nyumbani kwa Mills, mpelelezi kijana anayeigizwa na Brad Pitt, na pale mkewe Tracy anapomwita mzee Somerset mgahawani kumtolea yaliyo moyoni. Mimi nina ugomvi na filamu yenyewe hapohapo. Tracy amepewa nafasi finyu mno, hadithi inamtumia kuliko inavyomjua. Gwyneth Paltrow anamwokoa kwa macho tu, katika vipande hivyohivyo vichache. Ukivikata, mwisho haumuumi mtu. Watu walitoka wakisema filamu bure kabisa, na shangazi akaniuliza, "Huyo mwanamke alikuwa nani?"

Kasoro zipo, sikatai. Wapelelezi kumfikia mtu kwa orodha ya vitabu vilivyoazimwa maktaba, tena wameipata kwa pesa ya chini ya meza, ni njia ya mkato. Na muuaji anayejua kila kitu, asiyekosea hesabu hata moja, nachoka naye. Lakini hayo niachiwe niyaone kwa macho yangu, nibishane nayo njiani na shangazi.

Mwishoni mvua yote ile imekoma, ni jua na nchi kavu tupu, gari la mzigo linakuja kwa mbali na sanduku. Halijasimama, mfasiri keshataja kilichomo sandukuni. Kwa sauti ya juu. Akicheka!

Nilimfuata mwenye kibanda. Akanijibu, "Dada, picha si umeona?" akaenda kufungua mechi.

Sasa nauliza wa Arua, Koboko na Nebbi: kuna kibanda kinachoonyesha filamu nzima, na mfasiri anayengoja mtu aseme ndipo afasiri? Nitajieni. Na wewe mfasiri, Kiswahili chako ni kizuri, shangazi alikuelewa kila neno. Nipo tayari kukaa nawe tuitazame upya, mwanzo mpaka mwisho, uone pa kunyamaza. Shangazi amesema atalipa tena, ila yeye sandukuni keshajua mna nini.