London hadi Paris kwa ndege: ni saa moja na kitu, au zaidi ya mbili?

Begi_Moja: Habari wakuu. Nataka kwenda Paris Ijumaa ijayo nikitokea London, nirudi Jumapili. Ramani inaonyesha kilomita 344 tu, lakini ratiba inasema kuondoka 09:00 (saa tatu asubuhi), kufika 11:20. Kurudi ndiyo kichekesho: kuondoka 18:00, kufika 18:20! Nimeshika pasipoti ya Tanzania yenye viza ya matembezi ya Uingereza. Ndege au treni?

Mzee wa Ratiba: Mkuu, kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Paris iko mbele ya London kwa saa 1 mwaka mzima. Kwenda punguza saa moja, kurudi ongeza. Kote unapata saa 1 na dakika 20. Angani kwenyewe ni kama dakika 45 hadi 50. Nyingine zinaliwa ardhini: foleni ya kuruka Heathrow (uwanja wa ndege wa London), kisha Charles de Gaulle, uwanja wa Paris, ndege inatambaa wee hadi ifike inapoegeshwa. Mashirika pia huweka dakika za akiba ili wasihesabiwe wamechelewa. Kurudi, Heathrow ikijaa mtazungushwa angani mkisubiri zamu ya kutua.

Reli Tu: Hesabu mlango hadi mlango. Treni ya Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi stesheni ya Gare du Nord, Paris, ni saa 2 na dakika 20 hivi, na unashuka mjini. Ukitua Charles de Gaulle bado kuna treni ya RER B, nusu saa na ushee mpaka hapohapo Gare du Nord. Begi la treni halibanwi na sheria ya vimiminika vya mililita 100. Ila usifike dakika ya mwisho: ukaguzi wa pasipoti wa Ufaransa unafanyika London kabla hujapanda.

Begi_Moja: Kuna tiketi ya bei chee, "Paris Beauvais". Vipi hiyo?

Reli Tu: Paris ni jina tu. Uwanja wa ndege wa Beauvais uko kilomita 85 hivi kutoka mjini, na basi lake huchukua kama saa moja na robo. Nauli ya basi ijumlishe kwanza ndiyo uite chee.

Kaunta Namba 4: Wakuu mnahesabu dakika, na mwenzetu hajataja viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya! Viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Utazuiwa London, iwe kwa ndege au kwa treni. Maombi hupelekwa angalau siku 15 kabla ya safari, kwa hiyo Ijumaa ijayo isahau. Tena kwa mwenye viza ya matembezi, kwa kawaida maombi hupokelewa katika nchi anakoishi, si London. Na hiyo ya Uingereza iangalie kama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana Jumapili utahesabiwa unaingia upya. Tiketi usilipie kwanza.