Mrejesho: Baiskeli ya kukodi Mwanza nimeipata

Wadau, mtakumbuka niliuliza kama mgeni anaweza kukodi baiskeli Mwanza na kama jua la kule linavumilika. Nimerudi juzi.

Baiskeli nimeipata kwa fundi mmoja Kirumba, elfu nane kwa siku, nikaacha na kitambulisho. Aliyeniambia nikague breki kabla ya kulipa, Mungu akubariki sana. Ya nyuma ilikuwa haishiki kabisa, ikakazwa palepale.

Jua sasa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi kuna kaubaridi na unajisahau. Kufika saa tano mikono yangu ilishaungua. Siku ya pili nikatoka saa kumi na mbili na nusu, shati la mikono mirefu, maji lita mbili.

Capri Point imenikosha! Unapandisha kati ya mawe makubwa, ziwa linatokea, linapotea, linatokea tena.

Kwenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ndiyo ilikuwa kazi. Barabara ya Musoma ina malori na daladala, tembea pembeni kabisa. Karibu na Igoma nikapata pancha. Fundi wa chini ya mwembe akachovya tyubu kwenye beseni, akafuata mapovu kwa kidole, kisha akapapasa ndani ya tairi na kuchomoa mwiba mweupe.

"Pole mgeni, huu ni wa mgunga."

Nikampa buku, nikafika Bujora saa tatu, jua likiwa bado halijakaza.