Tupeane uzoefu: Ukimaliza kufukiza, kaa linaenda wapi?

Binti Kaloleni (Kisumu)
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Alhamisi jioni ukipita mtaani kwetu ni harufu ya ubani mlango hadi mlango. Sina neno, hata kwangu nafukiza. Ila naona kuwasha tunajua, kuzima hatuna habari. Juzi ploti ya nyuma pipa la taka la plastiki limeyeyuka usiku wa manane, kumbe mtu alimwaga humo jivu la chetezo tangu magharibi akidhani limekufa. Kaa likijifunika jivu linakaa na moto saa nyingi, na kwa macho hulijui. Sasa semeni: mnafukizaje, na kaa mnalipeleka wapi? Wa kanisani pia karibuni, ubani si wetu peke yetu.

Mjukuu wa Mumias
Nyanya yangu Mumias ana chetezo cha udongo, na mkono wake kwa kazi hiyo ni mwepesi ajabu. Anajaza jivu kavu lililochekechwa hadi nusu, kaa juu yake, halafu analinyunyizia jivu jembamba tena. Ubani anauweka kidogo, punje ya mahindi hivi, na unatoa moshi mweupe polepole. Ukiutupa juu ya kaa jekundu tupu unayeyuka, unashika moto, na nyumba inanuka kuungua. Udi wa kupikwa na sukari ndio mbaya zaidi kwa hilo. Wengi wanaolalamika kuwa wameuziwa ubani feki wameuchoma tu.

Akimaliza, analibana kaa kwa koleo na kulitosa ndani ya debe la maji nje ya mlango wa jikoni. Chetezo chenyewe hakigusi maji kikiwa moto, kitapasuka. Kinapoa palepale juu ya sakafu ya simiti, si kwenye kapeti wala meza ya mbao.

Mama Pacha, Kaptembwo
Nyinyi wa Kisumu mna joto, hamjui yetu. Nakuru Julai mtu anafunga madirisha yote, anaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa leso, halafu anaweka chetezo cha makaa manne matano ili apate joto humo humo. Jirani yangu wa bedsita alifanya hivyo. Kichwa kikamgonga, akaanza kutapika, akadhani ubani ni mkali. Tulimtoa nje na kumkimbiza hospitali. Daktari alisema ni hewa ya makaa, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na manukato yanakupumbaza kabisa usishuku kitu. Kufukiza kunahitaji kaa moja, dirisha wazi, na chetezo kitoke chumbani kabla hamjalala.

Fundi wa Meko
Nyongeza fupi. Gesi ya kupikia huwekewa ile harufu mbaya makusudi, ili ikivuja uinuse. Ukisikia harufu jikoni usiifunike kwa udi! Fungua milango, funga mtungi, moto wa aina yoyote usiwashe.

Mtumishi wa Altare
Sisi kanisani tunatumia yale makaa ya mviringo yenye kishimo katikati. Yana dawa ya kuyasaidia kushika, ndiyo maana yanarusha cheche ukiyawasha. Usiyashike kwa vidole. Koleo, ukingoni, mbali na pazia, kisha subiri kaa lote ligeuke kijivu ndipo uweke ubani. Weka kabla na utavuta ile dawa yake badala ya ubani. Na huku ziwani yanavuta unyevu, yatunze kwenye kopo lenye mfuniko.

Kama huna chetezo, bakuli la jiwe la Kisii kutoka Tabaka linastahimili moto vizuri, bora lisiwe la kupakwa rangi. Mchanga mkavu ndani kwanza.

Binti Kaloleni (Kisumu)
Kuna wanaozungusha chetezo kitandani eti wafukuze mbu. Neti inashika moto haraka mno! Ikunje uifunge juu kwanza. Na moshi wa ubani si badala ya neti, malaria ya huku mnaijua. Je, wa kufukiza nguo?

Ukwaju
Tenga juu ya chetezo, nguo juu ya tenga. Leso na kanzu za pamba hazina shida. Abaya za siku hizi ni nailoni tupu. Cheche moja na una tundu kifuani. Mimi naitundika kwenye henga, nausogeza moshi kwake, na siondoki hapo hata simu ikilia.

Nesi, Bondeni
Nimesoma yote. Wazazi wa watoto wachanga, najua mila ya arobaini, lakini mapafu ya mtoto ni madogo. Fukizeni chumba mtoto akiwa nje, hewa ipite, ndipo arudi. Mwenye pumu pia.

Mtu akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si unga, si yai; hivyo vyote nimevisafisha kwenye vidonda vya watu. Ubani ulioyeyuka ukiganda kwenye ngozi usiubandue, poza hivyo hivyo. Akiwa ni mtoto, au ameungua uso, kiganja au kiungo, mleteni hata kama kidonda kinaonekana kidogo.